BUSTANI YA NYUMBANI: Kokwa la Parachichi



Mwalimu mmoja wa Same mjini ametuletea swali, nasi twaona yafaa lijibiwe mbele ya wote. Asema kwamba binti yake mdogo alilitia kokwa la parachichi katika bilauri ya maji, nalo limepasuka, limetoa mzizi na jani. Sasa mtoto auliza kila asubuhi, "Baba, nitakula lini?" Naye baba hana jibu.

Jibu la kweli ni kwamba akiungoja mti huo jinsi ulivyo, yamkini atakuwa amekwisha kumaliza shule ya msingi. Mparachichi wa kokwa huanza kuzaa baada ya miaka 5 au 7, na mwingine hupita miaka 10. Tena tunda lake halitafanana na lile alilokula. Maana ua la mparachichi hufunguka mara mbili: kwanza kama jike, kisha hufumba, na kesho yake hufunguka kama dume. Kwa hiyo mara nyingi nyuki huleta chavua ya mti mwingine, na kokwa huwa mtoto wa wazazi wawili.

Bilauri si mbaya. Miiba mitatu ya mgunga yatosha kulishikilia kokwa, upande mnene chini, maji yaguse kitako tu, nayo yabadilishwe yasioze. Ni somo zuri kwa watoto, kwa kuwa mzizi waonekana. Walakini kwa kupanda hasa, mkebe uliotobolewa chini ni bora. Kokwa liwe bichi, kwani likikauka hufa upesi. Udongo uchanganywe na samadi ya zamani, ncha ya kokwa ibaki wazi kidogo, mkebe uwekwe kivulini. Kwa kawaida huota katika wiki 4 hadi 8.

Ndugu zetu wa Suji, Chome na Mbaga hawana shida kubwa, kwani mlima huzuia mawingu, na penye ndiva maji huteremshwa mashambani. Huku chini Same jua ni kali na upepo hukausha. Mche uhamishwe mvua zinapoanza, utiliwe kivuli mwaka wa kwanza, na majani makavu yatandazwe kuuzunguka pasipo kugusa shina. Lakini angalieni, enyi wenye bidii ya kumwagilia: mti huu hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Mahali maji yanapotuama mizizi huoza, na majani hunyauka hata mtu adhani yataka maji tena.

Nami nina la kuungama. Mama yangu alipanda kokwa nyuma ya nyumba yetu mlimani. Mwaka wa 8 mti ulikuwa haujatoa ua hata moja, nami nikatwaa shoka. Mama alinisihi tungoje mwaka mmoja, kama yule mtunza shamba wa Luka 13 alivyouombea mtini, nami sikusikia. Jirani alikuwa amepanda kokwa la mti ule ule, mwaka ule ule. Mvua mbili hazikupita, watoto wake wakaja kutuletea kikapu.

Huko California, Marekani, mpeleka barua mmoja, Rudolph Hass, alikuwa na mche wa kokwa aliojaribu kuubebesha kikonyo cha mti mwingine katika miaka ya 1920. Kikonyo kikakataa, naye akataka kuung'oa; akashauriwa auache. Watoto wake ndio waliogundua kwamba tunda lake ni tamu kupita yote. Mwaka 1935 akapewa hati ya serikali kwa mti huo. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002, ila maparachichi yote ya Hass, hata yalimwayo Njombe na Siha, yatoka kwake kwa vikonyo. Kwa kokwa hayapatikani.

Basi mwalimu na afanye hivi. Shina la mche likiwa nene kama penseli, apande mlimani kwa mzee mwenye mti uzaao vizuri, aombe kikonyo chenye unene uo huo, macho yake yamevimba lakini hayajafunguka. Akifunge katika kitambaa chenye unyevu, akishushe siku ile ile. Mche ukatwe juu, upasuliwe katikati. Kikonyo kichongwe kama kabari, kichomekwe, ganda likutane na ganda, kifungwe imara kwa utepe wa nailoni, kifunikwe kisikauke. Mti wa namna hii huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4.

Asijaribu kwa mche mmoja tu. Binti na apande makokwa 4, kwani mkono wa kwanza hukosea. Na tunda litakapopatikana aambiwe mapema kwamba haliivi mtini: huchumwa gumu, likawekwa ndani siku kadhaa hata lilainike.