Ndege ya vita katika picha ya babu

Katika jamaa zilizotoa askari wa Force Publique huonekana pengine picha ya namna hii: askari watatu wamesimama wima juani, na nyuma yao iko ndege yenye injini moja. Mgongoni mwa picha mtoto au mjukuu ameandika baadaye: «Spitfire, Saio, 1941». Waliopigwa picha wamekwisha kufa, wala hakuna wa kuulizwa. Basi na tuiulize ndege yenyewe.

Jina la Spitfire limesifiwa mno, ndiyo sababu kila ndege ya vita hupachikwa jina hilo. Lakini Spitfire haikuwako Uhabeshi mwaka 1941. Vikosi vya Spitfire za kupigana vilianza kupelekwa mbali na Uingereza mwezi wa Machi 1942, zilipofika kisiwa cha Malta. Nayo Saio ilikuwa mikononi mwa askari wa Kongo tangu 3 Julai 1941, siku Jenerali Gazzera wa Italia alipolisalimisha jeshi lake kwa Jenerali Gilliaert. Kwa hiyo maneno yale hayawezi kuwa kweli yote pamoja. Ama jina la ndege si lake, ama mahali na mwaka si vyake.

Tazama kwanza miguu. Hurricane, iliyorushwa na Waafrika wa Kusini katika vita ile ya Uhabeshi, husimama miguu imeachana sana, mfano wa mtu aliyejitwika mzigo mzito. Miguu ya Spitfire imekaribiana. Kisha tazama ubavu: nyuma ya rubani, mwili wa Hurricane umefunikwa kwa kitambaa kilichotandikwa juu ya fito za mbao, na katika picha iliyo safi fito zile huonekana kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa. Ubavu wa Spitfire ni bati tupu, laini. Bawa lake nalo limechongwa mviringo mpaka ncha, hali bawa la Hurricane ni nene na kingo zake zimenyooka.

Na kama ndege ina mabawa mawili, moja juu ya jingine? Hapo yafaa kuangalia alipokaa rubani. Fiat CR.42 ya Waitalia ilimwacha wazi upeponi, na bawa lake la juu ni refu kuliko la chini. Gladiator ya Wangereza ilimfunika kwa kioo, na mabawa yake yalingana. Askari wetu kupigwa picha mbele ya Fiat iliyotekwa si jambo la kustaajabisha.

Lakini tuseme umekwisha kutazama yote, na ndege ni Spitfire kweli. Usilifute jina, shuku mahali. Mwaka 1943 na 1944 askari wa Kongo walifika Nigeria, Misri na Palestina, na hospitali yao ya vita ilifika hata Burma. Huenda babu alisafiri mbali kuliko mlivyosimuliwa, na maneno yale mafupi mgongoni yameificha safari yake. Ndege huweza hata kutaja mwaka. Spitfire za kwanza zina sanduku moja kubwa la kupozea mashini chini ya bawa la kuume, na chini ya lile la kushoto kidude chembamba tu. Zile za namna ya tisa, zilizoingia vitani katikati ya mwaka 1942, zina masanduku mawili yaliyo sawa, na rafadha ya mapanga manne. Mistari myeupe na myeusi iliyozungushwa mabawani ni alama ya Juni 1944, majeshi yalipovuka bahari kwenda Ufaransa. Herufi GE ubavuni ni za kikosi cha 349 cha Wabeleji, na MN za kikosi cha 350. Kikosi cha 349 kiliundwa Nigeria mwezi wa Novemba 1942, nacho hapo kilirusha Tomahawk, ndege yenye kinywa kipana chini ya pua.

Picha zenyewe nazo hudanganya. Filamu nyingine za zamani hazikuiona rangi nyekundu wala ya manjano, zikaziandika kama nyeusi, na buluu ikatoka nyeupe. Duara la Wangereza likaonekana geni kabisa. Tena mpiga chapa huweza kuigeuza picha, kushoto ikawa kuume. Mlango wa rubani wa Spitfire uko upande wa kushoto. Ukiuona kuume, soma tena vifungo na herufi zote.

Jamaa za Katanga wawe waangalifu zaidi. Ndege iliyopigwa picha Kamina, yenye viti viwili chini ya kioo kirefu na injini ya mviringo, ni Harvard, ya kufundishia marubani wa Kibeleji katika miaka ya 1950. Andikeni «Harvard, Kamina» kwa kalamu ya risasi, na maneno ya zamani msiyafute; chorochoro moja juu yake yatosha, ili wajukuu waone nani alisema nini.