Kabla ya Kusema Ndovu Hajui

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya upili upande wa Mbeere, niliwapa wanafunzi wa kidato cha kwanza zoezi la kusikiliza na kuelewa. Kifungu nilichowasomea kilimhusu pomboo. Takriban darasa zima lilianguka, nami nikaandika katika daftari langu, kwa wino mwekundu, kwamba wanafunzi hawa wana udhaifu wa kusikiliza. Ilinichukua muda kung'amua kwamba sikuwa nimepima masikio yao hata kidogo. Mtoto wa Mbeere, aliyezaliwa mamia ya kilomita kutoka baharini, hamjui pomboo ila kama neno la kamusi. Anamjua ndovu, anamjua nyuki, analijua bwawa la Kamburu. Swali langu ndilo lililoanguka.

Ninalitaja kosa hili kwa sababu wataalamu wanaobuni vifaa vya kupimia hisi za wanyama wamelitenda mara nyingi, tena wakiwa na elimu na fedha kunishinda. Rai yangu ni kwamba kifaa cha kupimia ni swali, na swali lililotungwa kwa lugha asiyoijua mjibuji halitoi jibu, bali huakisi ujinga wa muulizaji. Ikiwa ndivyo, basi kazi hii inatuhusu sisi tunaosomea lugha kuliko tunavyodhani.

Tuanze na pomboo yuyo huyo. Tangu miaka ya 1940 kulikuwa na dhana kwamba mnyama huyu hutoa sauti na kuusikiliza mwangwi wake, na kwa njia hiyo akatambua kilicho mbele yake hata gizani. Kuthibitisha kulitaka afumbwe macho. Lakini utamfumbaje macho kiumbe asiye na masikio ya nje ya kushikilia kitambaa, mwenye ngozi laini inayoteleza, naye yumo majini? Mwaka wa 1960, huko Marineland of the Pacific jimboni California, Kenneth Norris na wenzake walitumia vikombe vya mpira vyenye kunyonya ngozi na kuganda juu ya macho. Pomboo jike aliyeitwa Kathy alivikubali, akaogelea kati ya vizuizi vilivyotumbukizwa majini huku akitoa sauti zake. Jibu lilipatikana kwa vikombe viwili vya mpira kwa kuwa aliyevibuni alikuwa ameutafakari kwanza mwili wa yule anayeulizwa.

Ndovu hakubahatika hivyo mwanzoni. Mwaka wa 1989 ndovu wa Asia waliofugwa walijaribiwa kwa kioo, ili ijulikane kama wanaweza kujitambua. Kioo kiliwekwa nje ya kizimba, mbali na mkonga. Ndovu hawakuonyesha dalili ya kujitambua, ikaonekana kwamba hawana uwezo huo. Mwaka wa 2006, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, Joshua Plotnik, Frans de Waal na Diana Reiss waliweka kioo kikubwa na imara mle mle ndani, kiasi cha ndovu kuweza kukisukuma, kukinusa na kuchungulia nyuma yake. Jike mmoja, Happy, aliligusa mara kadhaa kwa mkonga alama iliyochorwa kichwani pake, alama ambayo asingeweza kuiona ila kiooni. Wenzake wawili hawakuigusa. Yawezekana kwamba ndovu hajali doa la rangi kwa jinsi ajaliavyo binadamu. Yeye hujimwagia vumbi na matope kwa hiari yake!

Mfano unaonipendeza zaidi ni wa ndovu mchanga aitwaye Kandula, katika bustani ya wanyama ya Washington, uliochapishwa mwaka wa 2011. Tunda lilining'inizwa juu asipofikia, akapewa vijiti. Hakuvitumia. Mtu wa haraka angesema ndovu hajui kutumia zana. Lakini watafiti wakajiuliza: je, mkonga ni mkono? Si mkono tu, ni pua pia. Ukimshikisha ndovu kijiti ili afikie chakula, unamzuia kuitumia vyema pua anayokitafutia chakula hicho. Alipopewa kitu cha mraba chenye kubeba uzito wake, alikisukuma kwa miguu hadi chini ya tunda, akakikanyaga, akalifikia. Mnyama ni yule yule na njaa ni ile ile. Swali tu lilikuwa limebadilishwa.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kusimama kidogo. Katika darasa la sayansi tumefundishwa hisi tano, kila moja na mlango wake (wala tusizichanganye na hisia, kama tunavyofanya katika insha zetu). Lakini Kiswahili chenyewe hakigawanyi hivyo. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Wameru na Waembu nao husema kwigua kwa mambo haya. Walimu wetu wengine huuona huu kuwa ufukara wa msamiati. Mimi siuoni hivyo. Pomboo hupokea sauti kupitia taya lake la chini. Ndovu hutoa ngurumo nzito ambazo baadhi yake masikio yetu hayazipati, na mitetemo yake ardhini anaweza kuipokea kwa nyayo. Kitenzi kusikia kinawatosha viumbe hawa bila kukunjwa wala kukatwa. Anayebuni kifaa cha kupimia akili zao akianza na neno hili hatakuwa mwepesi wa kudhani kwamba sikio ni sikio tu na pua ni pua tu.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya bustani za mbali. Nami namwambia aje Embu. Hifadhi ya Mwea ina eneo la kilomita mraba 42 hivi, imepakana na mito ya Tana na Thiba, na imezungushiwa uzio wa umeme. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilihamisha ndovu 50 kutoka humo hadi Mbuga ya Taifa ya Aberdare, kwa kuwa walikuwa wamefikia 156 mahali panapoweza kubeba 50. Uzio ule nao ni kifaa cha kupimia hisi za mnyama, tutake tusitake. Kila usiku unamwuliza ndovu: je, unaumia? Na mahali pengi nchini mwetu ndovu wamekwisha kujibu kwamba pembe zao hazipitishi umeme. Huzitumia kukatia waya au husukuma nguzo, wakaingia shambani. Anayelipa gharama ya swali hilo bovu ni mkulima wa mahindi na ndengu.

Maswali mazuri nayo yapo. Njia ya wanyama iliyopitishwa chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru ilifunguliwa mwaka wa 2011, na ndovu waliikubali. Aidha, wafugaji na warina asali wa Kenya walikuwa wakisema kwa muda mrefu kwamba ndovu hukwepa mti wenye mzinga. Mwaka wa 2002 Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton walichapisha majaribio waliyoyafanya Laikipia kwa mizinga iliyotundikwa mitini. Mwaka wa 2007 Lucy King na wenzake wakatoa matokeo ya Samburu na Buffalo Springs: familia 16 kati ya 17 za ndovu ziliposikia mvumo wa nyuki kutoka kwa spika iliyofichwa ziliondoka katika muda wa sekunde 80. Zilipochezewa kelele nyingine isiyo ya nyuki, nyingi hazikujali. Kutokana na hayo ukazaliwa uzio wa mizinga, ule unaoyumba ndovu akigusa waya, ambao umetumika sana Sagalla huko Taita.

Tazama basi swali hili zuri lilikotoka. Lilitoka vinywani mwa watu, katika lugha zao, kabla ya kuingia maabara. Tharaka na Mbeere ni nchi za mizinga tangu jadi. Kuna maneno huko ya mvumo wa nyuki waliotulia na wa nyuki waliochokozwa, na kuna masimulizi ya nyendo za ndovu ambayo wazee huyatoa bila kuulizwa mara ya pili. Sisi huyaacha, tukarudi chuoni kuandika tasnifu nyingine kuhusu riwaya ile ile.

Sisemi kwamba kumfungia mnyama ili kumpima ni jambo jepesi. Happy mwenyewe alipelekewa kesi mahakamani ili aachiliwe, na mwaka wa 2022 mahakama ya juu ya jimbo la New York ikakataa kwa kura 5 dhidi ya 2. Aliyefungiwa huenda akajibu kama mfungwa. Ndovu waliobaki Mwea nao wamezungukwa na waya, na lolote tutakalojifunza kwao litakuwa na alama ya waya huo.

Ninapendekeza kwamba wanachama wanaotoka Meru, Tharaka na Embu watumie likizo ndefu ijayo kukusanya msamiati wa nyuki na wa ndovu, pamoja na masimulizi yake, kisha tuuweke kwa Kiswahili katika toleo moja la jarida hili. Mimi nitaanzia katika kile kijiji cha Mbeere nilikofundisha. Ninao pia wanafunzi wa kuombwa radhi.