Kukauka Si Kupona

Ndugu vijana, hapa Kalemie mvuvi aliyekatwa vibaya mkononi hurudi ziwani mara jeraha linapokauka. Huko ni kuharakisha. Chini ya ngozi, seli zingali zikifuma nyuzi za kolajeni zishikazo nyama pamoja. Baada ya wiki 3 kovu halina hata theluthi ya nguvu ya ngozi nzima. Baada ya miezi 3 hufikia takriban asilimia 80, wala halizidi hapo sana. Ufumaji huo wahitaji vitamini C: mabaharia wa kale walioikosa walifumuka hata makovu ya zamani. Basi tumpelekee majeruhi ndagala na mapera, tumshikie zamu ya wavu, wala asiitwe mvivu.