Injini Mbovu: Haki ya Mmiliki Hulindwa na Kumbukumbu

Mmiliki mmoja akilalamikia injini iliyokufa, ni rahisi kwa mtengenezaji kudai kuwa hakubadilisha oili kwa wakati. Malalamiko yanayofanana yakiongezeka, dai hilo hupoteza uzito.

Ndivyo ilivyotokea Marekani kwa injini za Theta II. Mwaka 2015, Hyundai iliyaita takriban magari 470,000 aina ya Sonata kwa ukaguzi, kwa kuwa mabaki ya chuma kutoka kiwandani yangeweza kuzuia oili kufika kwenye beringi na injini kuzimika barabarani. Mhandisi wake, Kim Gwang-ho, alizieleza mamlaka kuwa hatua hiyo haikutosha. Mwaka 2020, Hyundai na Kia zilikubali adhabu zenye jumla ya dola milioni 210.

Kwa maafikiano ya kesi za wamiliki, sehemu ya chini ya injini ilipewa dhamana ya maisha. Hata hivyo, gari lililotelekezwa kupita kiasi bila matengenezo lingeweza kunyimwa. Hivyo, sheria hufungua mlango wa haki, lakini ni stakabadhi za matengenezo zinazomwezesha mmiliki kuingia.