Walimu wa Matai, Msingoje Rangi Kutoka Mjini

Kipo kipindi katika ratiba za shule zetu za msingi ambacho huporwa mchana kweupe na hakuna anayelalamika. Ni kipindi cha kuchora. Mitihani ikikaribia, Hisabati hukichukua. Mitihani ikiwa mbali, watoto huambiwa vifaa hakuna, wakafagie uwanja. Nawaandikia walimu, wazazi na kamati za shule za Matai na Wilaya nzima ya Kalambo: hiyo sababu ya vifaa tuiache.

Kwamba fedha ni haba, sibishi. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Mwalimu mkuu akishanunua chaki na karatasi za mitihani, atoe wapi ya brashi na rangi za maji? Lakini hebu tutazame kinachotupwa humo humo darasani.

Vipande vya chaki visivyoshikika tena hufagiwa nje kila jioni. Viloweke kwanza kwa maji kidogo ili vumbi lisiingie vifuani mwa watoto, viponde ndani ya kopo, changanya na uji mwepesi wa unga wa ngano uliopoa: hiyo ni rangi, na inashika vizuri kwenye boksi. Changanya ya siku moja tu, maana huchacha. Ukitaka wekundu, Ufipa yetu haijapungukiwa udongo mwekundu. Uchekeche kwa kipande cha kanga kuukuu. Weusi upo kwenye masizi ya sufuria katika kila jiko la kuni. Kalamu za rangi zilizokauka, zile ambazo wino wake hutoka kwa maji, zikilowekwa ncha usiku kucha hutoa rangi nyepesi ya kuchorea anga na maji. Masalia ya krayoni, mwalimu mwenyewe, wala si mtoto, ayayeyushe ndani ya kopo lililosimamishwa katika maji ya moto. Yakiganda yanakuwa krayoni moja nene inayomfaa mtoto wa darasa la awali ambaye vidole vyake bado havijakomaa. Na brashi iliyopukutika isitupwe. Ikikatwa sawasawa inakuwa chombo cha kupigia vitone, na vitone ndivyo vinavyopamba migongo ya chui katika picha za Tingatinga.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hakusoma chuo chochote cha sanaa. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya ubao wa dari na rangi ya kupakia baiskeli, vitu vya fundi, akavipa kazi ambayo aliyevitengeneza hakuikusudia. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima unaojulikana duniani. Rangi ile nzito yenye kung'aa, ambayo wageni huisifu mpaka leo, ilitoka kwenye kopo la rangi ya baiskeli. Mtoto wa Matai aelezwe habari hii kabla hajashika brashi.

Wala si lazima tuende mpaka Dar es Salaam. Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru marefu kuliko mtu, yaliyojengwa kwa udongo wa kichuguu. Waliutazama udongo wa mchwa wakauona tanuru. Jicho la namna hiyo ndilo somo lenyewe. Mtoto anayeulizwa "kifuniko hiki cha soda kinaweza kuwa nini?" anafanya kazi ya akili kubwa kuliko yule anayenakili ua kutoka ubaoni.

Hata hivyo, si kila kilichotupwa ni cha kuokotwa, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Wilaya yetu ni ya wakulima. Chupa na makopo ya dawa za viwavijeshi yasiingie darasani hata yakioshwa mara ngapi. Mbegu za mahindi zilizopakwa dawa, zile zenye rangi ya kupendeza, zisibandikwe kwenye picha. Weusi wa ndani ya betri za tochi, ambao wengi tumezoea kuupaka ubaoni, una kemikali zisizofaa kushikwa na mtoto. Mfuko wa saruji, ukitumiwa kuchorea, ukung'utwe na kufutwa na mtu mzima kwanza, kwa kuwa vumbi lake huunguza ngozi.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuwazoesha watoto wa maskini takataka. Malalamiko hayo nayaheshimu, kwa sababu kiongozi mvivu anaweza kujificha nyuma ya ubunifu wa mwalimu. Halmashauri haiwezi kukwepa wajibu wa kununua mikasi, karatasi nyeupe na penseli. Hivyo havina mbadala wa kweli. Lakini kinachomdhalilisha mtoto si boksi alilochorea. Kinachomdhalilisha ni kazi yake kutupwa jioni ile ile pasipo mtu kuitazama. Picha zitundikwe ukutani, ziandikwe majina, na siku ya mkutano wa wazazi kila mtoto asimame aeleze alichokifanya.

Mafundi seremala wa Matai, vipande vya plaiwudi na maranda mnayochoma, wekeeni shule fungu lake. Mafundi cherehani, vitambaa vilivyobaki. Wenye maduka, maboksi na kalenda za mwaka uliopita. Nanyi walimu wakuu, fungueni ratiba zenu leo, mkitafute kipindi cha kuchora kilichoandikwa humo, kisha kifundishwe wiki ijayo kwa saa yake.