Baiskeli ya Umeme Mbele ya Geti la Chai

Kwenu wazee wetu, kina mama na ndugu zangu wa Sigowet,

Lililonishikisha kalamu hapa Freiburg, kusini mwa Ujerumani, ni suala la mpwa wangu: akinunua baiskeli ya umeme, je, ataruhusiwa kupita katika barabara za ndani za mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho, zile zenye geti na askari?

Huku kwetu, penye kuingilia msituni, husimama kibao chenye duara jekundu na picha za gari na pikipiki, maana yake vyombo vya moto marufuku. Lakini baiskeli hupita, na tangu 2013 sheria imebainisha kwamba ile ambayo mota yake haizidi wati 250, inayomsaidia tu mtu anayekanyaga pedali, na ambayo msaada wake hukatika mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa, ni baiskeli kama nyingine. Iendayo hadi kilomita 45 yataka bima na namba, na hapo kibaoni huishia. Hata hiyo ndogo, katika jimbo hili, haina idhini kwenye njia ya msitu isiyotimia upana wa mita 2, kwa staha ya waendao kwa miguu.

Nami naona hiyo ndiyo insafu. Pikipiki ya umeme, kama zibebazo abiria Nairobi na Kigali, ni pikipiki, ijapokuwa haingurumi. Mchuma chai arudiye na kikapu mgongoni, murramu imelowa, mtaro huku na michai kule, huisikia bodaboda ya petroli tangu kona ya mbali akajitenga. Hii ya umeme hana habari nayo mpaka upepo wake umguse.

Lakini baiskeli isifungiwe geti kwa sababu ya betri. Sijausahau usiku nilipomsukuma ndugu yangu mwenye homa juu ya baiskeli ya Black Mamba ya baba, askari akatukatalia njia, tukazunguka kwa barabara kuu hadi alfajiri. Barabara zile ni milki ya wenye mashamba, na ruhusa ni yao. Basi waendeeni pamoja na machifu, kabla vyombo hivi havijawa vingi, muafikiane kwa maandishi juu ya nguvu, mwendo, kengele na saa za kupita, na mgonjwa asizuiwe saa yoyote.

Mpwa wangu nimemsihi asitoe fedha zake dukani mpaka nipate jawabu lenu.

Wenu, mwana wa Sigowet