Taifodi Mara Tatu kwa Mwaka?

Hapa Kibaigwa si ajabu kumsikia mtu akisema ana taifodi kwa mara ya tatu mwaka huu. Mara nyingi kilichopimwa ni Widal, kipimo cha Mfaransa Fernand Widal cha mwaka 1896. Chenyewe hakitafuti vijidudu. Hupima kiwango cha kingamwili, yaani askari wa damu. Askari wa aina ya M hutangulia vitani, wa aina ya G hufuata na kukaa muda mrefu. Ile 1:160 kwenye karatasi ya majibu maana yake ni kwamba maji ya damu yalizimuliwa mara 160 na askari bado wakaonekana. Lakini huenda ni wa ugonjwa uliopona miezi iliyopita, na homa ya leo ni malaria! Kupima mara moja hakutoshi. Kiwango kikipanda mara nne baada ya siku 10 hadi 14, hapo kuna neno. Kipimo bora ni kuotesha damu maabara kabla ya kumeza antibiotiki, ingawa hospitali kubwa ndizo zenye huduma hiyo. Mtoto akichemka, apimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama Widal imesoma taifodi.